Mguu Si Meza

Wachongaji wote niliowajua kwetu Mbumbuni, Makueni, walichonga wameketi chini. Mchongaji alinyoosha miguu, akaubana mti kati ya nyayo au akausimamisha katikati ya mapaja, kisha akaushukia kwa tezo, kile kishoka ambacho ulimi wake umegeuzwa kama wa jembe. Tezo ilipita karibu sana na ngozi, hata mpita njia alijikuta amekunja vidole vyake mwenyewe ndani ya viatu. Ndivyo walivyofundishwa, na walichonga vizuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu Fundi, ninayetaka kumweleza hapa, angekuambia kwamba walichonga ovyo, na Fundi alikuwa mtu wa kutia chumvi.

Yeye alichonga amesimama. Alikuwa na jina lake, na nadhani lilikuwa kwenye kitambulisho kama la kila mtu, lakini sikuwahi kumsikia yeyote akilitumia, hata mkewe. Aliitwa Fundi kana kwamba wengine waliochonga pale sokoni walikuwa wakijaribu tu. Jambo hilo liliwaudhi, naye alijua.

"Mguu si meza," alikuwa akisema. Aliyasema hayo hotelini mbele ya chai, aliyasema kanisani kabla ya ibada, aliyasema hata kwenye matanga. "Mungu alikupa mguu wa kwenda. Wewe umeugeuza meza. Siku meza ikikatika utaenda na nini?"

Wenzake hawakunyamaza. Kulikuwa na mmoja mnene, hodari wa kuchonga vijiko vya saladi vyenye vichwa vya twiga, aliyependa kumjibu.

"Huyu anachonga kama mpishi wa mzungu," alisema siku moja tukiwa wengi hotelini. "Amesimama kwa meza, bado aproni tu."

"Sawa, mimi mpishi," Fundi akasema. "Sasa kunja suruali tuone goti lako."

"La nini?"

"Kunja tu. Watu waone shule uliyosoma."

Hoteli nzima ikaanza kupiga meza: kunja, kunja. Yule mnene hakukunja. Kila mtu alijua kuna kovu pale, refu kama kidole, na kwamba alikaa nyumbani msimu mzima wa mvua akisubiri lifunge. Fundi akanywa chai yake polepole kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi wakati huo nilikuwa chuo kikuu, Nairobi, na likizo zilinirudisha nyumbani nikiwa na suruali moja ya bluu iliyomkera mama na maswali yaliyomkera kila mtu. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Shamba letu lilipakana na la Fundi, nami nilipochoka kuulizwa nitaolewa lini nilivuka ua na kwenda kumtazama akifanya kazi. Hakunifukuza. Alipenda kutazamwa.

"Mwiitu wa yunivasiti," alinipokea, yaani msichana wa yunivasiti, "leo umekuja kukataa nini?"

Meza yake ilikuwa gogo la mukau, mti wa kwetu wa mbao, lililopasuliwa, nene, limewekwa juu ya miguu minne iliyozikwa ardhini. Juu yake palikuwa na mashimo. Kila kitu alichotaka kuchonga alikiachia mkia: kipande cha mti cha mraba chini ya swala au mwanamke mwenye mtungi, ambacho hakikuwa sehemu ya sanamu. Mkia uliingia shimoni, na kabari mbili zikagongwa, moja huku moja kule, hadi ule mti ukawa kama umeota pale. Mkia ulikatwa mwisho kabisa, kazi yote ikiisha. Vitu vya mviringo, kama bakuli, alivilaza juu ya kifuko cha gunia kilichojazwa mchanga wa mtoni, vikazama kidogo na kutulia kama kuku anayeatamia. Na kwa mbao bapa alikuwa na ukanda mpana wa ngozi. Ukanda ulipita juu ya ubao, ukashuka kwenye mashimo mawili, na chini ukafungwa kwenye kipande cha mti kilichokuwa kama pedali. Ukikanyaga, ukanda unabana. Ukiinua mguu, unaachia, unageuza ubao, unakanyaga tena. Mikono yote miwili inabaki kwa patasi na nyundo.

Nilimwambia hapo basi mguu ni meza, maana bila kukanyaga hakuna kinachoshika.

"Mguu unaamrisha," akasema. "Hauendi mbele ya tezo. Askari na mkubwa wa askari ni kitu kimoja?"

Hilo nililikubali. Lakini siku nyingine alisema kwamba mukau ukikatwa mwezi ukiwa mchanga huliwa na dudu, na hilo sikulikubali. Nikachukua vipande viwili kutoka kwake, kimoja cha mwezi mchanga na kimoja cha mwezi mpevu, nikaviweka chini ya kitanda changu hadi likizo ya mwaka uliofuata. Vyote viwili vilikuwa vizima. Nilimpelekea. Akavigeuza, akavinusa, akanirudishia.

"Dudu za kwenu zimeogopa kuulizwa maswali," akasema, na akaendelea kuamini alichoamini.

Ndivyo alivyokuwa. Mti aliushika kama mshtakiwa, lakini mlango wa nyumba yake ulifungwa kwa kamba ya katani, na nguzo ya zizi lake iliegemea upande hadi ng'ombe wake walijua njia ya kuingia kwenye mbaazi zetu kuliko sisi wenyewe. Mama alisimama uani akapaza sauti: "Fundi! Kabari zote umemalizia kwa swala? Hata moja ya zizi haikubaki?" Fundi aliahidi kuja kuitengeneza nguzo kesho. Nguzo ile ilianguka yenyewe.

Alikuwa mkali na asiye na subira kwa watu. Kwa mti alikuwa tofauti. Msemo wake niliokuja kuupenda ni huu: "Ukiona umekaza meno, ujue kabari haijakaza." Nimeutumia katika mambo mengi ambayo hayahusiani na mbao, na mara nyingi umenisaidia, ingawa simwambii mtu nimeutoa wapi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kwetu mwanamke hakuchonga. Wanawake walipiga msasa, walipaka rangi ya viatu na nta, walifunga kazi kwenye magazeti, lakini tezo hawakuishika. Niliwauliza watu kwa nini, mmoja mmoja, maana ndiyo tabia yangu. Hakuna aliyetaja Biblia wala mila kwa uzito wowote. Wote, wanaume kwa wanawake, walinijibu kwa swali lilelile, wakicheka kidogo: "Atakaaje?"

Mwanamke akiketi chini alinyoosha miguu yote miwili pamoja, kanga juu yake. Mti ungekaa wapi? Kumwona mama wa watu amepanua miguu na gogo katikati yake lilikuwa jambo ambalo hata kulisema kulihitaji kuinamisha macho. Basi mlango wa ufundi ulifungwa kwa namna ya kukaa tu, na hakuna aliyeona kwamba hiyo ilikuwa kabari nyembamba sana ya kushikilia mlango mzito hivyo.

Fundi naye alisema kama wao. Alikuwa na binti anayeitwa Mwikali, wa rika langu, tuliyesoma naye shule ya msingi kabla hajaachia darasa la saba. Watu walipomuuliza Fundi binti anafanya nini pale nyumbani, alijibu, "Anapiga msasa." Walipomuuliza kama atamfundisha kazi, maana wanawe wa kiume walikuwa wamekwenda kwenye miji ya barabara ya Mombasa na hawakuonyesha dalili ya kurudi, alicheka kuliko wote. "Mwanamke achonge? Atakaaje?"

Aliniambia alitengeneza meza ile kwa ajili ya mgongo. "Mgongo wa mtu mrefu hautaki kukaa chini," alisema. Niliamini hadi siku moja nilipomtazama kutoka upande. Alikuwa mrefu kweli, na pale mezani alikuwa ameinama kama mtu anayechota maji. Alipomaliza kukata alijinyoosha akishika kiuno.

"Fundi, meza ni ya mgongo?"

"Si nilikuambia?"

"Mbona unainama?"

Akaitazama meza, akanitazama. "Ardhi imepanda," akasema.

"Miguu ya meza imezikwa. Ardhi ikipanda, meza inapanda nayo."

"Wewe nenda nyumbani ukapike."

Sikwenda kupika. Nilizunguka meza nikasimama upande aliokuwa amesimama yeye. Ilinifika kwenye nyonga, sawasawa. Pedali iliufikia mguu wangu bila kujivuta. Mimi na Mwikali tulikuwa na urefu mmoja tangu utoto, tukipanga foleni shuleni mabega yetu yalilingana.

Kesho yake Fundi alienda Kabati, Kitui, kutafuta mti mweusi, safari ya kulala huko. Asubuhi nilivuka ua. Nilisikia tezo kabla ya kuona. Mwikali alikuwa mezani, kanga imefungwa kiunoni juu ya gauni, miguu pamoja, mmoja umekanyaga pedali. Angekuwa anakata sukuma wiki, mtu asingeona tofauti ya adabu. Hakushtuka kuniona.

"Umechelewa," akasema. "Mimi nilidhani na hiyo shule yako ungejua mwaka jana."

"Ni nani mwingine anajua?"

"Mama. Na wewe. Na wateja wanaonunua swala wa Baba wakisema siku hizi macho yao yako hai." Akapuliza vumbi. "Swala wa Baba walikuwa vipofu wote."

Nilimuuliza kama hataki watu wajue. Aliacha kukata.

"Nataka," akasema. "Sitaki kitu kingine. Lakini wakijua leo, kesho hakuna atakayenunua, na kesho kutwa kutakuwa na kikao cha wazee hapa nyumbani kuuliza Baba amepotokaje. Halafu nitaolewa, na huko nitakakoolewa wataambiwa msichana huyu ana tabia ya kushika tezo. Sasa niambie wewe mwenye suruali, nijitangaze?"

Niliokota msasa nikamsugulia swala mmoja. Nilikuwa nimezoea kuwa na jibu.

Halafu ikaja mimbari. Kanisa letu lilikuwa limejengwa upya kwa mawe, na wazee wa kanisa walitaka mimbari ya kuchongwa, si ile ya mbao za masanduku. Walikuja kwa Fundi wakiwa watatu, nami nilikuwepo nikiwa nimetumwa na mama kuhusu ng'ombe. Aliyesema alikuwa mzee mmoja mkali, mwenye duka, ambaye aliamini kila kitu kizuri kinaharibiwa na haraka na wanawake.

"Tumesikia msichana wako anagusagusa kazi," alisema. "Msasa si mbaya. Lakini hii, Fundi, tunataka mkono wako. Mimbari si mwiko."

Alimaanisha mwiko wa kusongea sima. Fundi aliinamisha kichwa kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Umesema kweli, mzee," akajibu. "Mimi pia nakubali. Si mwiko."

Wazee wakaridhika wakaenda. Mwikali, aliyekuwa nyuma ya nyumba na msasa mkononi, alilazimika kujiziba mdomo kwa kanga.

Aliichonga Mwikali. Niliona sehemu ya kazi hiyo likizo ya Pasaka. Ubao wa mbele ulikuwa mpana kiasi kwamba ukanda mmoja haukutosha, wakaongeza wa pili, na kati ya ukanda na mti aliweka kipande cha blanketi ili ngozi isiache alama. Wengine wangechonga msalaba na zabibu ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikiota Makueni. Yeye alichonga mbaazi: matawi yakipanda pande zote mbili, na maganda, mengine yamefunga, mengine yameanza kupasuka ili punje zionekane zimepangana. Fundi alikaa kwenye kiti akitoa amri ambazo Mwikali hakuzifuata.

"Hapo utapasua."

"Sitapasua, Baba."

"Kata kwenda na nyuzi za mti, si kinyume."

"Naona nyuzi. Wewe ndiye umekaa mbele ya mwanga."

Siku ya kuiweka wakfu kanisa lilijaa hadi madirishani. Mchungaji aliusifu ubao ule, akapitisha kidole juu ya maganda ya mbaazi, akasema hata mkulima akiingia hapa atajua Mungu ni wa kwao. Kisha akasema: "Aliyechonga asimame tumwone."

Nilimtazama Mwikali upande wa wanawake. Mikono yake ilikuwa mapajani. Nilimtazama Fundi. Nilikuwa na hakika atakaa. Nilikuwa tayari hata kusimama mimi na kusema.

Fundi akasimama. Aliinuka wima, mrefu kuliko wote, akainua mikono miwili, na kanisa likapiga makofi hadi paa la mabati likaitikia. Alibaki amesimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwikali alipiga makofi pamoja na wengine.

Nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho, na kwa miaka mingi sikuvuka ua ule. Nilimaliza masomo, nikapata kazi Nairobi, nikaacha, nikapata nyingine. Mwikali aliolewa Kalamba. Mama aliniandikia habari za ng'ombe na mvua, na siku moja, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilipokuja nyumbani akaniambia nilichokosa. Fundi alikuwa hotelini na yule mzee mwenye duka. Mzee alikuwa akisimulia jinsi wageni kutoka makanisa mengine wanavyoistaajabia mimbari yetu. Fundi akaweka kikombe chini akasema, mbele ya watu wote, "Ile mimbari unayoiegemea kila Jumapili ukitangaza matangazo, imechongwa na Mwikali. Mimi sikuigusa hata kwa kucha."

"Na mzee akasemaje?"

"Alikohoa," mama akasema, "kama mtu amemeza kitu moto. Halafu akasema, 'Nilijua.' Na unajua? Kufika jioni soko lote lilikuwa linajua tangu zamani."

Ndipo nikaenda Kalamba.

Kibanda cha Mwikali kilikuwa kando ya soko, meza mbili ndani, moja ya kwake na moja ndefu zaidi ya kijana wa jirani aliyekuwa akijifunza. Juu ya mlango, kwa rangi nyeusi, jina lake lote. Fundi, siku hizo akishinda kwa bintiye, alikuwa ameketi kivulini na kipande cha msasa, akisugua mgongo wa kifaru. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na kwa msasa mtetemo si hasara. Nywele zilikuwa zimekwisha.

"Mwiitu wa yunivasiti," akasema bila kuinua kichwa. "Ulikasirika muda mrefu."

"Nilikuwa na sababu. Kwa nini ulisimama?"

Alikuwa amelingoja swali hilo, nadhani, maana jibu lilitoka bila kusita. "Ningekaa wangeuliza ni nani. Wangejua siku ileile, mimbari bado mgeni. Wangeitoa nje kabla hawajasema amina. Sasa wameoa mbele yake. Wamezika mbele yake. Huyo mzee amelia mbele yake siku ya mkewe. Leo nani ataitoa? Na akiitoa, atawafukua wote aliowazikia hapo?"

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa zuri mno, na mimi jibu zuri mno hunifanya niligeuze nione upande wa chini.

"Na Mwikali, miaka yote hiyo?"

Fundi aliendelea kusugua. "Hilo muulize mwenyewe."

Nikaingia ndani nikamuuliza. Mwikali alikuwa akigonga kabari. Alicheka hadi akaweka nyundo chini.

"Baba? Alisimama kwa sababu aliitwa asimame na watu wanapiga makofi. Hiyo hadithi ya kuzika na kuoa aliitunga baadaye. Mwaka wa kwanza aliniambia alisahau."

"Nasikia!" Fundi akasema kutoka nje.

"Sikia! Ulisahau!"

"Na ulikasirika?" nikamuuliza.

"Nilikaa miezi bila kumsemesha, nikila kwake na kuchongea mezani kwake. Yeye akawa anakuja kila asubuhi, ananiwekea kabari mpya alizochonga usiku, anaondoka. Zilikuwa kabari nzuri sana. Nitafanya nini?" Akaokota nyundo. "Lakini hotelini alisema mwenyewe. Hakuna aliyemshika shati."

Sijui hadi leo ni yupi aliyesema kweli, na nimejifunza kwamba wote wawili hawakuhitaji niamue.

Tulikuwa bado tunaongea watu wanne walipofika, wamevaa koti licha ya joto. Walikuwa wazee wa kanisa jipya la upande wa pili wa mto, pamoja na mchungaji wao, kijana mfupi mwenye sauti kubwa. Walimwendea Fundi moja kwa moja, wakamwamkia kwa heshima, wakaeleza: wameiona mimbari ya Mbumbuni, wanataka ya namna hiyo.

Fundi alipuliza vumbi la msasa kutoka kwa kifaru. "Ingieni ndani," akasema. "Mimi sina habari."

Wakaingia. Wakasimama mbele ya Mwikali, na yule mkubwa wao akageuka kidogo kumwelekea Fundi mlangoni, akaanza, "Basi Fundi, utamwambia binti kwamba tungependa..."

"Niambie mimi, mzee," Mwikali akasema. "Niko hapa."

Mzee akarekebisha koti. Akamwambia yeye. Mwikali alisikiliza, akauliza mti gani, akauliza kanisa lina mwanga upande gani, akauliza wanalima nini huko kwao. Kisha akachukua futi ya kamba kutoka msumarini.

"Nani atasimama kwa hii mimbari?"

"Mimi," mchungaji akasema.

"Njoo hapa kwa nguzo. Vua viatu."

Mchungaji aliwatazama wazee wake. Hakuna aliyemsaidia. Akavua viatu, akaweka mgongo kwenye nguzo, na Mwikali akashusha futi hadi kiwiko chake, akakunja uso.

"Mchungaji, teremsha visigino."

"Viko chini."

"Haviko. Ukijirefusha leo, Jumapili hatutakuona."

Wazee wakatazama mabati. Mchungaji akateremsha visigino, na Mwikali akapima.